Mgahawa uliofungwa mara mbili: uchambuzi wa kisa kutoka Iringa mjini

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu mgahawa mmoja wa Iringa mjini uliokuwa jirani na stendi ya zamani ya mabasi. Ulifungwa baada ya mabasi ya mikoani kuhamishiwa stendi mpya ya Igumbilo, ukafufuliwa kwa michango ya watu walioukumbuka kwa mapenzi, kisha ukafungwa tena. Jina la mgahawa, majina ya wahusika, mtaa ulikofufuliwa na baadhi ya tarehe vimeondolewa kwa makubaliano na familia. Mwenye mgahawa anaitwa hapa Mama, kama alivyoitwa na kila aliyeingia mle ndani. Maelezo yametokana na mazungumzo na familia, waliokuwa wafanyakazi na wateja wa zamani, pamoja na madaftari mawili ambayo familia iliruhusu yasomwe: la madeni na la manunuzi. Walengwa ni wanaoendesha migahawa midogo, na hasa wanaotaka kufufua mgahawa wa mzazi, kwa kuwa hao hushauriwa zaidi na watu wanaowapenda kuliko na watu wanaoijua biashara.

Usuli

Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ilhali barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapita bondeni, Ipogolo. Kwa miaka mingi mabasi yaliyoanzia safari Iringa yalipakia abiria huko juu mjini. Kwa kuwa tangu miaka ya 1990 hadi mwaka 2023 mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku, safari ndefu zote zilibanwa zianze alfajiri, saa 12 au kabla yake kidogo, ili basi lifike mwisho wa safari kabla muda haujaisha. Kwa mtu aliyekuwa akiuza chakula karibu na stendi, amri hiyo ya usalama barabarani ilikuwa na maana moja kubwa: kila siku ya Mungu, kati ya saa 10 na saa 12 alfajiri, mamia ya watu walikuwa wamesimama gizani kwenye baridi wakiwa na fedha mfukoni na safari ya kutwa nzima mbele yao.

Mgahawa wa Mama ulizaliwa na saa hizo mbili. Ulikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu na mabenchi, jiko likiwa uani, na mlangoni pakiwa na jiko la mkaa lililobeba birika kubwa la chai. Abiria waliota moto hapo hata kama hawakununua kitu. Alfajiri kulikuwa na chapati, supu ya makongoro, maharage na chai ya majani ya Mufindi iliyotiwa tangawizi. Mchana ulikuja wali wa Pawaga, ugali wa dona, mnavu, nyama ya mchuzi, na perege wa Mtera siku walipopatikana.

Maharage yanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu karibu kila mteja wa zamani aliyehojiwa huyafikia mapema au baadaye. Yalikuwa maharage ya njano, yaliyochambuliwa jioni na kuingizwa sufuriani saa mbili usiku, chakula cha mwisho kikishauzwa. Mkaa uliobaki ulifukiwa majivu ili ushike moto mdogo mpaka usiku wa manane. Saa tisa msaidizi wa jikoni aliamka, akafukua makaa, akaonja punje moja kwa kuiminya kati ya kidole gumba na cha shahada, na ndipo alipotia chumvi, kwa kuwa Mama alishikilia kwamba chumvi ikiwahi, ngozi ya haragwe hukaza. Kitunguu kilikaangwa pembeni na kuingizwa mwisho. Mchuzi wake ulikuwa mzito bila unga wala nazi, na chapati ilipochovywa ulishika.

Sufuria hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa mezani mchana. Jambo hili litarudi kwenye uchambuzi.

Mama alikuwa mjane, na watoto wake walisomeshwa na mgahawa huo. Chumba kilikuwa cha kupanga kwa makubaliano ya mdomo na mwenye nyumba, ambaye kwa miaka yote hiyo waliheshimiana. Jina la mgahawa liliandikwa ukutani kwa rangi, na halikuwahi kusajiliwa popote.

Mtiririko wa matukio

Mabasi yalipohamia Igumbilo, wafanyabiashara wa stendi ya zamani waligawanyika. Baadhi waliyafuata hata kabla ya kujua watakaa wapi, na wengine walisubiri waone mambo yatakavyokwenda. Mama alisubiri. Msaidizi wake wa jikoni, aliyekuwa naye tangu akiwa binti mdogo kutoka kijijini, aliomba ruhusa ya kwenda kujaribu chai na chapati huko chini. Mama alimpa sufuria mbili na jiko dogo la mkaa, akamwambia, “Nenda mwanangu, ukishindwa rudi.” Wote wawili wanakubaliana kwamba siku hiyo hakuna aliyeiona kuwa ni uamuzi wa kibiashara.

Daftari la manunuzi linaonyesha kilichofuata kwa uwazi unaouma. Kabla ya mabasi kuhama, maharage yaliyonunuliwa yalikuwa madebe matatu kwa wiki, mara nyingine na ziada. Ndani ya miezi mitatu yalishuka hadi debe moja na nusu, na baadaye debe moja. Unga wa ngano ulishuka kwa kasi zaidi. Mchele, ambao ulikuwa chakula cha mchana cha watu wa mjini, ulibaki karibu palepale.

Hatua za kubana matumizi zilianza. Supu ya makongoro ilikuwa ya kwanza kuondolewa, kwa kuwa iliyobaki ilimwagwa. Saa ya kufungua ikasogezwa kutoka saa 10 alfajiri hadi saa moja asubuhi. Kulala na sufuria jikoni kukawa hakuna maana tena, hivyo maharage yakahamishiwa kwenye sufuria ya presha na jiko la gesi, yakaiva kwa muda mfupi asubuhi. Bei ya sahani haikupandishwa, kwa kuwa Mama aliona haya kuwapandishia watu wa mtaani kwake, lakini kipande cha nyama kilipungua. Mteja mmoja, fundi cherehani aliyekula hapo kila siku, anasema hakuwahi kulalamika. Aliacha tu kwenda siku mbili tatu, kisha akazoea kwingine.

Mwishowe mwenye nyumba akataka chumba chake ili akigawe kuwa fremu za maduka madogo. Alitoa notisi ya mwezi mmoja kwa heshima zote. Mama aliwalipa wafanyakazi waliobaki, akagawa vyombo, akafunga. Mkopo uliokuwa kwenye daftari la madeni haukudaiwa.

Miaka miwili baadaye picha ya zamani ya ukuta ule wenye jina ilisambazwa katika kundi la WhatsApp la watu waliokulia Iringa, wengi wao wakiishi Dar es Salaam na Dodoma. Kumbukumbu zilimiminika kwa siku kadhaa. Mmoja akauliza kwa nini wasimfungulie Mama mgahawa mpya, na kabla wiki haijaisha mweka hazina alikuwa amechaguliwa na fedha zimeanza kuingia kwa simu. Binti mkubwa wa Mama, aliyekuwa ameajiriwa Dodoma, akaomba likizo bila malipo arudi kusimamia.

Chumba kilipatikana katika mtaa unaokua wenye wanafunzi wengi wa vyuo. Kilipakwa rangi, jina la zamani likaandikwa kwa herufi kubwa, na kutani zikatundikwa picha za mabasi ya miaka iliyopita. Kilifunguliwa Desemba, wachangiaji walipokuwa wamerudi nyumbani kwa sikukuu. Kwa wiki mbili watu walikula wamesimama. Mama alikaa karibu na mlango, na kila aliyeingia alimshika mikono miwili: “Kamwene Mama, shikamoo,” na wengine walilia.

Januari ilipofika, wenye gari walikuwa wamerudi Dar es Salaam na wenye watoto walikuwa wanahesabu ada. Wanafunzi waliobaki mtaani walitaka chipsi mayai jioni, siyo maharage asubuhi. Chipsi zikaongezwa, kisha kuku wa kukaanga, kisha juisi. Mama, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua, alipunguza kuja, na mpishi aliyeajiriwa hakuwahi kuonja chakula cha mgahawa wa kwanza. Kabla ya Nanenane iliyofuata mlango ulifungwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kutokwenda Igumbilo ndio unaolaumiwa na wengi, na kwa jinsi Mama alivyouona wakati ule haukuwa wa kijinga. Alijua anaacha chumba alichokizoea, mwenye nyumba anayemvumilia na wauza mkaa wanaomkopesha, aende mahali ambapo hakuwa na uhakika wa kupata nafasi wala wa gharama zake. Zaidi ya hayo, aliamini kwamba zaidi ya nusu ya wateja wake walikuwa watu wa mjini ambao wangebaki naye. Alipoulizwa alijuaje, aliwataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na orodha ilikuwa ndefu kweli.

Uamuzi wa kupunguza kipande badala ya kupandisha bei ulitokana na aibu, na aibu hiyo ilikuwa sehemu ya tabia iliyowafanya watu wampende. Uamuzi wa gesi na presha ulitokana na hesabu sahihi ya mkaa na usingizi.

Kuhusu mgahawa wa pili, mtaa wa vyuo ulichaguliwa kwa sababu palikuwa na watu wengi na pango la wastani. Hakuna aliyeuliza watu hao wanakula nini na saa ngapi. Mchango ulipokelewa bila maandishi yanayosema kama ni zawadi, mkopo au hisa, kwa kuwa kuuliza kungeonekana kutokuwa na shukrani. Binti anasema swali hilo lilimjia usiku wa kwanza na akaliacha lipite.

Matokeo

Fedha za mchango ziliisha, sehemu kubwa ikiwa imekwenda kwenye pango la awali, rangi, meza na majokofu. Baadhi ya wachangiaji waliuliza matumizi, wawili wakitaka kurudishiwa, na kundi likapoa kwa maneno makali ambayo hayana haja ya kurudiwa hapa. Binti alirudi kazini Dodoma. Hakukopa ili kuokoa mgahawa, ingawa watu wa mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, walimfikia mapema, na hakubaki na deni la benki wala la mtaani.

Msaidizi wa jikoni bado yuko Igumbilo. Ana kibanda, jiko la mkaa mlangoni, chapati, chai ya tangawizi na maharage ya njano yanayolala motoni usiku. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023 ameongeza zamu, na sasa ana mabinti wawili wanaomsaidia.

Uchambuzi

Daftari la madeni lina majina mengi: mafundi, mawakala wa mabasi, makarani, wenye maduka, walimu. Ni watu wa mjini watupu. Hakuna abiria hata mmoja, kwa sababu abiria hakopeshwi. Alikula kwa dakika kumi, akalipa taslimu, akapanda basi, na Mama hakumjua jina wala hakumkumbuka sura. Hivyo alipokadiria wateja wake kwa kuwakumbuka, alihesabu wale waliokaa muda mrefu, wakazungumza naye na kumsalimia watoto wake, na hakuweza kuwahesabu wale waliokuwa wakilipia mkaa. Mwenye mgahawa yeyote anayetaka kujua anaishi kwa nani hana budi kuhesabu sahani zilizouzwa kwa kila saa, hata kwa wiki moja tu, kwa kutumia vijiti au mistari ukutani. Kumbukumbu yake itamdanganya kila mara kwa upande uleule, upande wa watu wanaojulikana.

Wapo wanaosema kuhama kwa stendi peke yake kulitosha kuua mgahawa. Sikubaliani nao kabisa, ingawa kwa sehemu wako sahihi. Mchana wa watu wa mjini ulibaki, na mchele kwenye daftari unathibitisha hilo. Kilichotokea ni kwamba alfajiri ndiyo iliyokuwa inalipa mkaa wa usiku, mshahara wa msaidizi na maharage yote, na mchana ulikuwa unaokota faida kutoka kwenye sufuria ambayo tayari ilikuwa imelipiwa. Alfajiri ilipoondoka, mchana ulibebeshwa gharama zote kwa bei ileile ya zamani, na kwa bei hiyo haukuweza. Mgahawa mdogo zaidi, wenye bei mpya iliyotangazwa waziwazi na kipande cha nyama cha ukubwa uleule, huenda ungeishi. Wateja wa chakula cha kila siku husamehe bei inayopanda kwa maelezo, maana kila kitu kinapanda, lakini kipande kikipungua kimyakimya wanaona wamedharauliwa.

Mpangilio wa kubana matumizi nao ulikuwa mbaya. Vilivyoondolewa kwanza, yaani supu, kufungua mapema na maharage ya usiku, ndivyo vilivyokuwa sababu ya mtu kupita migahawa mingine akaja hapo. Vilivyobaki vilipatikana kila mahali. Ni sawa na muuza nguo anayepunguza mzigo kwa kuondoa nguo zinazouzika kwa sababu ndizo za bei ghali kuzinunua.

Jambo la kumbukumbu ndilo lililotufundisha zaidi, na ndilo lililoangusha mgahawa wa pili. Wateja wa zamani waliulizwa mmoja mmoja, kila mtu peke yake, wanakumbuka nini. Wengi walitaja maharage, lakini walipoendelea kuzungumza, maharage yaliachwa nyuma haraka. Aliyekuwa kondakta alikumbuka kwamba ungeweza kumwachia Mama begi la mtu aliyechelewa basi na ukalikuta jioni. Mwanamke mmoja aliyesoma shule ya bweni alikumbuka nauli ikiwa imepungua, naye akakaa karibu na birika mpaka Mama alipomwombea kwa wakala. Mwingine alikumbuka baba yake, sasa marehemu, akimnunulia supu kabla ya safari ya kwanza ya Dar es Salaam. Waliyokuwa wanayapenda yalikuwa mambo ya alfajiri ya stendi: giza, baridi, woga wa kuachwa, na mtu mzima mmoja aliye macho anayewatazama. Vitu hivyo haviwezi kuhamishiwa mtaa wa vyuo saa saba mchana, hata ukutani pakiwa na picha za mabasi. Kundi lilichanga fedha kwa ajili ya utoto wake, na binti akatakiwa aziuze sahani.

Lipo jambo jingine la wazi ambalo halikusemwa na mtu: wachangiaji hawakuishi Iringa. Mapenzi yao yalikuwa ya kweli, na fedha zao zilithibitisha hivyo, lakini hakuna hata mmoja kati ya waliozungumza sana kundini ambaye angekula hapo Jumanne ya mwezi Februari. Mtu anayefikiria kufufua mgahawa wa mzazi kwa sababu watu wanaukumbuka angeanza kwa kuandika majina ya watakaokula siku hiyo. Orodha ikiwa fupi, mchango mkubwa hautairefusha. Utaongeza tu muda wa kugundua.

Fedha za mapenzi zinahitaji maandishi kuliko fedha za benki. Benki ina utaratibu wake hata usipouliza, ilhali mchango huja na matarajio ya kila mchangiaji kichwani mwake. Mmoja alidhani amenunua hisa, mwingine alidhani amemsaidia mjane, wa tatu alidhani amepata haki ya kula bure akija na wageni. Karatasi moja yenye sentensi tano, iliyowekwa kundini kabla ya shilingi ya kwanza, ingeepusha sehemu kubwa ya uchungu uliofuata, na ingempa binti uhuru wa kusema hapana.

Yapo yaliyofanyika vizuri. Mama alifunga mara ya kwanza akiwa amewalipa wafanyakazi wake, na ndiyo sababu wote walikubali kuzungumza. Binti alifunga mara ya pili mapema, kabla hajaweka rehani chochote, na ujasiri huo haukupongezwa na mtu yeyote wakati ule. Msaidizi aliyafuata mabasi akiwa na mtaji wa sufuria mbili, bila jina, bila picha, bila mkutano, akawauzia watu wale wale aliokuwa akiwapikia tangu zamani, yaani abiria, ambao hawakumjua wala hawakuhitaji kumjua. Aliuhamisha mgahawa wenyewe, na familia ikabaki na jina.

Kuhusu jina hilo, kibanda kingine pale stendi mpya, kisicho na uhusiano na familia, kililiandika kwenye bango lake baada ya mgahawa wa pili kufungwa, na familia haikuwa na la kusema kwa kuwa halikuwa limesajiliwa. Binti amelisajili sasa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, akazungumza na mwenye kibanda, naye akalifuta bila ugomvi. Kisha akampendekezea msaidizi alitumie kwa makubaliano ya maandishi na malipo madogo kwa Mama kila mwezi. Mpaka uchambuzi huu unaandikwa msaidizi hajatia saini. Malipo kwa Mama anasema atayatoa, na kwa kweli amekuwa akimpelekea chochote kila mwisho wa mwezi tangu zamani, ila jina haoni la kazi gani, maana makondakta wanamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza na abiria hawaulizi.